Fizi: Pikapu, remorki na mazutu, mzigo unakula kiasi gani?

Mashofere wengi wa Baraka wanajua kwamba gari lenye mzigo linakunywa zaidi. Lakini ni kiasi gani, na kwa sababu gani? Na je, kufunga remorki nyuma ya pikapu ni hasara au ni faida? Jibu linagusa mfuko wa shofere, na linagusa pia bei ya unga wa mihogo na ndagala sokoni.

Teritware ya Fizi ni kubwa. Ina zaidi ya kilometa za mraba 15,000 na sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja. Karibu kila kitu kinachotoka sekta moja kwenda nyingine kinabebwa kichwani, kwa baiskeli, kwa moto, kwa mtumbwi au kwa gari. Barabara kubwa ni moja, ile ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu na Uvira, kupita Makobola, Swima, Mboko, Lusenda na Nundu, kufika Baraka, kisha kupanda Fizi-centre na kuendelea kusini kuelekea Lulimba, Misisi na Kalemie.

Kati ya Uvira na Baraka ni karibu kilometa 90. Kwenye lami, shofere angeimaliza safari hiyo kwa muda mfupi na mazutu kidogo. Kwenye barabara ya udongo, yenye mashimo na mito ya kuvuka, mambo ni mengine. Na mazutu yenyewe haitoki hapa. Inakuja kwa barabara au kwa maboti yanayovuka ziwa kutoka upande wa Kigoma, halafu watu wengi wanainunua kwa bidoni, kwa wauzaji wa kando ya barabara wanaoitwa Kadhafi. Kila lita imekwisha kulipiwa usafiri mara moja kabla ya kuingia kwenye tanki.

Njo maana shofere akipoteza lita kumi njiani, hapotezi peke yake. Bei ya kubeba gunia inapanda, na mama anayenunua unga kwa kilo analipa bila kujua kwamba analipia tope la barabarani au mupira usio na hewa.

Moteri inapigana na nini?

Ili kuelewa mazutu inaenda wapi, ni vizuri kujua kwamba gari linalotembea linapigana na mambo manne: barabara, mlima, upepo na kusimama-simama.

La kwanza ni barabara. Gurudumu likizunguka, mupira unajikunja kidogo na udongo unabonyea kidogo. Kazi hiyo inakula nguvu. Kwenye lami nzuri, kuvuta tani moja kunahitaji nguvu inayolingana na kuinua kilo 10 hadi 15 tu. Kwenye barabara ya udongo mkavu, inafika kama kilo 30 hadi 50. Kwenye mchanga mwingi au tope, inaweza kupita kilo 100, na tope zito linaifikisha hata 300. Tani ni ile ile, gari ni lile lile, lakini kazi imezidishwa mara kumi au zaidi.

La pili ni mlima. Kupandisha kitu chochote kunadai nguvu yake, na hapa hesabu haina huruma. Kwa moteri ya kawaida ya mazutu, kupandisha tani moja kwa mita 500 za urefu kunakula kama nusu lita. Inaonekana kidogo. Lakini pikapu aina ya Toyota Land Cruiser yenyewe ina zaidi ya tani mbili bila mzigo. Ongeza tani moja nyuma: ni tani tatu na kitu. Funga remorki ya kilo 400 yenye tani nyingine ndani yake: sasa ni zaidi ya tani nne na nusu. Kwa kila mita 500 za kupanda, zaidi ya lita mbili zinakwenda kwa kupandisha uzito tu, kabla ya kuhesabu udongo wenyewe. Mtu anayetoka Baraka, kando ya ziwa, kwenda Fizi-centre, juu mlimani, anailipa hesabu hiyo kila safari.

La tatu ni upepo. Hewa inasukuma gari nyuma, na nguvu yake inaongezeka haraka kuliko mwendo. Kutoka kilometa 60 kwa saa kwenda 80, upepo hauongezeki kwa theluthi moja tu. Unakaribia kuzidishwa mara mbili.

La nne ni kusimama na kuondoka. Kila bariyeri, kila daraja bovu, kila ng'ombe barabarani ni mwendo uliokwisha kulipiwa na mazutu, unaotupwa kwenye freni. Na gari likisimama moteri ikiendelea kunguruma, kilometa haziongezeki lakini mazutu inashuka. Moteri kubwa inaweza kumaliza kati ya nusu lita na lita moja na zaidi kwa saa bila gari kusogea hata hatua.

Ulaya na Marekani ni upepo, Fizi ni udongo

Huko Ulaya, Marekani na Australia, watu wengi wanafunga nyuma ya pikapu nyumba ndogo ya magurudumu, karavani, na kwenda nayo likizo. Ndani kuna kitanda, jiko na meza. Nao wanalalamika juu ya mafuta kama sisi. Lakini ugonjwa wao si huu wetu.

Wao wanakwenda kilometa 100 kwa saa kwenye lami. Kwa mwendo huo, karavani pana na ndefu ni kama ukuta unaosukumwa dhidi ya upepo. Upepo peke yake unaweza kudai nguvu mara tatu au nne kuliko barabara. Kwa hiyo shauri la kwanza wanalopewa ni kupunguza mwendo, na la pili ni kuchagua karavani fupi na nyembamba.

Hapa, pikapu yenye remorki inakwenda kilometa 30 au 40 kwa saa. Kwa mwendo huo, kwenye udongo, upepo hauchukui hata sehemu moja kati ya kumi za kazi yote. Karibu yote inaliwa na uzito, udongo na mlima. Shofere wa Fizi akisoma mashauri ya watu wa lami na kuyafuata yote, atafunika mzigo wake kwa baashi vizuri sana na kushangaa kwamba mazutu bado inakwisha. Baashi ni nzuri kwa mvua. Kwa mazutu, macho yatazame kwanza uzito, mipira na hali ya barabara.

Je, remorki inapoteza au inaokoa?

Hapa ndipo wengi wanakosea, pande zote mbili. Kuna wanaosema remorki ni mnyonyaji, haifai. Kuna wengine wanaosema remorki ni faida ya bure, juu ya moteri ni moja na shofere ni mmoja. Ukweli uko kwenye hesabu.

Tuchukue mfano. Pikapu yenye tani moja, barabara kavu na tambarare, inakunywa lita 16 kwa kilometa 100. Pikapu hiyo hiyo ikivuta remorki yenye tani nyingine inakunywa lita 22. Shofere anaona imeongezeka lita sita na anakasirika. Lakini apige hesabu kwa tani: bila remorki, tani moja imekula lita 16. Na remorki, kila tani imekula lita 11. Kama angerudi kuchukua tani ya pili kwa safari nyingine, angemaliza lita 32, na bado hajahesabu safari ya kurudi mtupu. Kwenye barabara kavu, basi, remorki inaokoa.

Sasa mvua inyeshe. Kwa kawaida mvua za huku zinaanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Gari lile lile linatembea kwa vitesi ya kwanza, magurudumu yanazunguka bila kwenda, remorki inazama na kuvuta pikapu nyuma. Lita 22 zinageuka 40 kwa urahisi. Kwa tani, sasa ni lita 20, zaidi ya zile 16 za pikapu bila remorki kwenye barabara kavu. Hapo bado hujaweka vijana wa kijiji wanaolipwa kusukuma, siku iliyopotea, samaki walioharibika na ambreyaji iliyoungua.

Kwa hiyo swali zuri la kuuliza parking si "Remorki inakunywa ngapi?" Swali ni: "Leo, kwa barabara hii, kila gunia litakula ngapi?" Remorki ambayo Julai ni rafiki inaweza kuwa adui Aprili.

Na tusichanganye remorki na kujaza kupita kiasi. Remorki ina magurudumu yake yanayobeba sehemu kubwa ya uzito. Kurundika tani mbili juu ya pikapu iliyotengenezwa kwa tani moja, kisha abiria kumi na watano juu ya magunia, ni jambo lingine. Resori zinavunjika, mipira ya nyuma inabonyea na kuchemka, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haushiki. "Papa shofere, beba tu hii gunia moja" ni sentensi inayosikika kila parking. Gunia moja halileti shida. Shida ni kwamba halibaki moja.

Mambo yanayopunguza mazutu bila kupunguza mzigo

*Mipira.* Mupira usio na hewa ya kutosha unajikunja zaidi kila unapozunguka, na kujikunja huko ni mazutu. Wengi wanaangalia mipira ya pikapu na kusahau ile ya remorki. Remorki yenye mipira laini ni kama kuvuta gari lililofunga freni kidogo. Kupima kwa teke hakutoshi; manometa ya mkononi ni kitu kidogo na inajilipa. Kwenye mchanga mwingi au tope, kutoa hewa kidogo kunasaidia gari kupita bila kuzama, hiyo ni kweli. Lakini ukishapita, rudisha hewa. Kubaki hivyo hadi Uvira kunakula mazutu na kunaua mupira.

*Namna ya kupanga mzigo.* Kwenye remorki, vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, vikielemea mbele kidogo. Kama sehemu moja kati ya kumi ya uzito wa remorki ikae kwenye ndoano ya pikapu. Uzito ukiwa nyuma sana, remorki inanyanyua mkia wa pikapu na kuanza kucheza kushoto na kulia. Hapo shofere atapiga freni kila mara, na gari linaweza kulala.

*Vitesi.* Land Cruiser nyingi za huku zina moteri ya mazutu ya lita 4.2 isiyo na turbo. Moteri hiyo inavuta vizuri zaidi ikizunguka karibu mara 2,200 kwa dakika. Shofere anayebaki kwenye vitesi ya juu mlimani ili kuokoa mazutu, gari likitetemeka na kutoa moshi mweusi, haokoi kitu. Moshi mweusi ni mazutu iliyoingia na kutoka bila kuungua vizuri. Anayeshusha vitesi mapema, kabla gari halijachoka, anapanda kwa nguvu ndogo. Na kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi: moteri isiyo na turbo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000, kama kwenye Milima ya Itombwe, moja ya tano ya nguvu imekwenda. Mzigo uliopanda vizuri kwenye kilima cha kando ya ziwa hautapanda vile vile huko.

*Filtri na mazutu safi.* Filtri ya hewa iliyojaa vumbi la kiangazi inanyima moteri pumzi, na moshi mweusi unarudi. Mazutu ya bidoni inaweza kuwa na maji na takataka. Mazutu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yanashuka chini. Ukiacha bidoni itulie usiku mmoja, ukamimina polepole kupitia kitambaa safi na kuacha ile ya chini kabisa, unalinda pompi na injekteri. Injekteri iliyoharibika inadondosha mazutu badala ya kuipuliza kama mvuke, na gari linakunywa zaidi hata likiwa halina mzigo.

*Freni na beringi za remorki.* Baada ya kilometa chache, simama na ugusie karibu na kila gurudumu la remorki. Likiwa la moto sana kuliko mengine, beringi imekufa au freni imeshika. Zote mbili zinavuta gari nyuma mchana kutwa.

*Kuzima moteri.* Foleni ya daraja au bariyeri ikiwa ndefu, zima. Kama batri ni mbovu na ndiyo sababu moteri haizimwi, tengeneza batri. Mazutu ya miezi michache itafika bei yake.

Kushuka: mahali ambapo akiba inageuka kifo

Kuna mashofere wanaotoa vitesi wakishuka mlima ili gari liteleze lenyewe na mazutu ibaki. Wanasema ni mazutu ya bure. Si kweli, na ni hatari.

Gari likishuka kwenye vitesi, mguu ukiwa umetoka kwenye aksereta, magurudumu ndiyo yanayozungusha moteri, na pompi inafunga mazutu karibu yote. Likishuka bila vitesi, moteri inadai mazutu ili isizimike. Kwa hiyo anayetoa vitesi anachoma zaidi, si kidogo.

Na mzigo wote sasa uko juu ya freni peke yake. Pikapu ya tani tatu na remorki isiyo na freni zake inasukuma kutoka nyuma. Freni zinachemka, na freni iliyochemka sana inaacha kushika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, remorki isiyo na freni zake hairuhusiwi kupita kilo 750, mzigo na remorki pamoja, na kule wana lami. Anayeshuka kutoka Fizi kurudi Baraka na remorki nzito isiyo na freni, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia, amebeba maisha ya watu kwa kuokoa nusu lita ambayo hata haipo. Kanuni ya mafundi ni rahisi: shuka na vitesi ile ile ambayo ungepandia, au iliyo chini yake.

Namna ya kujua gari lako linakunywa ngapi

Sindano ya tanki haitoshi. Jaza tanki hadi juu, andika kilometa. Fanya safari yako ya kawaida. Ukirudi, jaza tena hadi pale pale, kwa chombo unachokiamini kipimo chake. Lita ulizoweka, zidisha kwa 100, gawanya kwa kilometa ulizotembea. Kama Baraka–Uvira na kurudi, kilometa 180, imekula lita 36, basi ni lita 20 kwa kilometa 100.

Andika na mzigo uliobeba na hali ya barabara siku hiyo. Baada ya safari tano au sita, daftari litasema lenyewe. Litaonyesha kama remorki inalipa wakati wa mvua, kama gari limeanza kunywa zaidi bila sababu, na kama bidoni za muuzaji fulani zina mazutu kamili. Mwenye gari na shofere wanaogombana kila wiki juu ya mazutu iliyokwenda wapi watakuwa na kitu cha kutazama pamoja badala ya kushukiana.

Na mfanyabiashara anayetafuta nauli ya chini naye ana sehemu yake. Anayemlazimisha shofere kuongeza mzigo juu ya mzigo anadhani amepata bei nzuri. Gari likilala mtoni siku mbili na ndagala zikaoza, bei hiyo anailipa yeye.

Barabara nzuri ndiyo dawa kubwa, na hiyo iko mikononi mwa serikali. Tani inayodai kilo 40 za nguvu kwenye udongo ingedai kama 15 kwenye lami. Lakini wakati inangojewa, mipira yenye hewa, filtri safi, mzigo uliopangwa na vitesi inayofaa viko mikononi mwa shofere mwenyewe, kesho asubuhi kabla ya kuondoka parking.